Flashi yangu kwenye kompyuta za Linux za stationari, Moshi: uzoefu wangu

Kama uko Moshi na kazi zako unazibeba kwenye flashi, tafuta stationari yenye kompyuta za Linux, yaani mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Mimi naprintia karibu na Mnara wa Saa, mashine zote pale ni Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, na siku hizi sipendi kuchomeka flashi yangu kwingine.

Kubwa ni virusi. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ushirika wanaijua adha hii: umetoka kuprinti, unafika hosteli, folda zote zimegeuka shotikati. Kirusi cha namna hiyo kimetengenezwa kwa Windows, kwenye Ubuntu hakifurukuti. Tena Linux haifuati ile alama ya Windows ya kuficha mafaili, kwa hiyo folda zilizofichwa utaziona waziwazi na kuokoa kazi yako. Ila kirusi chenyewe kinabaki kwenye flashi mpaka ukifute.

Kuchomoa ndiko kunakotaka subira. Linux hupokea data kwanza kwenye memori ya kompyuta, kisha ndiyo inaihamishia kwenye flashi polepole. Unaweza kuona kunakili kumekwisha kumbe bado inaandika, hasa flashi ikiwa ya bei ya chini. Bonyeza alama ya kutoa iliyo pembeni ya jina la flashi, subiri ikwambie ni salama, ndipo uchomoe. Daladala ya Majengo itakuja nyingine.

Kuna jambo wengi hawalijui. Ukifuta faili kwa Delete, Ubuntu huliweka kwenye folda iliyofichwa humo humo kwenye flashi, mara nyingi inaitwa .Trash-1000. Nafasi hairudi, na cheti chako bado kinasomeka kwa atakayeazima flashi hiyo. Tumia Shift na Delete pamoja.

Kuhusu fomati, yaani mpangilio wa kuhifadhi mafaili kwenye flashi, exFAT inatosha: Linux inaisoma yenyewe tangu toleo 5.4 la kiini chake (kernel) la mwaka 2019, na haina kikomo cha GB 4 kwa faili kama fomati ya zamani ya FAT32.

Ninachowalaumu pale ni akaunti moja kwa wateja wote. Nimekuta CV na barua za watu zimeachwa kwenye deskitopu, zina namba za simu na kila kitu. Wangeweka akaunti ya mgeni inayojisafisha mteja akitoka, ningewapa nyota zote tano. Kwa sasa nawapa nne, na mafaili yangu nayafungua moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kuyanakili kwenye mashine yao.