Kingamwili ya alfa-spektrini kwa bloti: uzoefu wangu Bagamoyo

Wenye haraka nawapa jibu kabisa: kama unataka kuiona spektrini, protini ya chembe nyekundu za damu, kwenye bloti (yaani protini zimetenganishwa kwenye jeli, zikahamishiwa kwenye karatasi maalumu, kisha zikatafutwa kwa kingamwili), inunue. Kama ni ya hadubini, kwenye slaidi za malaria, pesa yako iweke.

Ninayoizungumzia ni kingamwili monoklonali ya panya, yaani inayoshika sehemu moja tu ya protini, chupa ya mikrolita 100, inayoshika alfa-spektrini ya binadamu, ile ya jeni SPTA1. Spektrini imetandazwa chini ya utando wa chembe nyekundu mithili ya jarife, vifundo vyake ni aktini na protini 4.1, na ankirini ndiyo inayoishikiza kwenye utando wenyewe. Kwa sababu yake chembe yenye upana wa mikroni saba, nane hivi hujikunja ikapita kwenye mshipa mwembamba kuliko yenyewe, ikarudia umbo lake, na ikaendelea hivyo kwa siku 120 hivi. Mtu akirithi kasoro kwenye kiunzi hiki, chembe zake huviringana au hurefuka na kuvunjika mapema. Sisi tunaitafuta kwa sababu ya malaria. Kimelea wake, Plasmodium falciparum, ana vimeng'enya vya kuibomoa kazi hii: plasmepsini II huikata spektrini, falsipaini-2 huikata ankirini na protini 4.1.

Mzigo ulikwama Dar mwisho wa juma, na ulipotufikia vile vifuko vya barafu vilikuwa maji matupu. Wenzangu walitaka tudai fidia. Mimi nilisema tuijaribu kwanza, maana kingamwili za IgG ni sugu, siku chache za joto haziziui. Na kweli, haikuwa na neno. Kinachoiharibu zaidi ni kugandishwa na kuyeyushwa kila mara, na hii ya kwetu haina gliseroli ya kuizuia isigande, kwa hiyo igawe kwenye vichupa vidogo siku ileile inapofika. Umeme wetu mnaujua.

Sasa bloti. Karatasi ya maelekezo inasema jeli ya asilimia 10. Achana nayo, aliyeiandika hakuwa anafikiria protini hii. Alfa-spektrini hukaa kwenye kilodaltoni (kipimo cha ukubwa wa protini) 240 hivi, mwenzake beta-spektrini kwenye 220, na kwenye jeli nzito zote mbili zitabanana juu kabisa usijue ipi ni ipi. Tumia asilimia 6. Kuihamishia kwenye utando wa PVDF, ile karatasi ya plastiki inayonasa protini, usiwe na pupa: volti 30 usiku kucha, metanoli kidogo, SDS (sabuni ya maabara) kidogo sana, na iwe kwenye baridi. Chumba cha baridi hatuna. Tunalitia tangi zima kwenye boksi la samaki na barafu iliyopondwa, ileile wanayouziwa wavuvi kule sokoni pwani, na jenereta inakaa tayari. Asubuhi ukipaka Ponso, rangi nyekundu ya kuonyesha protini, unaiona mistari miwili myekundu imekaribiana kule juu. Ukimaliza na kingamwili, unawaka wa juu peke yake. Safi kabisa, hakuna ukungu nyuma.

Wanapendekeza kuizimua 1:1000. Mimi natumia 1:5000 na bado inang'aa, kwa kuwa spektrini ni kama robo ya protini zote za utando wa chembe nyekundu. Kwa bei yake, dola mia kadhaa, hilo si jambo dogo.

Lakini kuna jambo moja ambalo watu wanailaumu bure. Chini ya mstari mkuu hutokea vimistari vingine vidogo, na nimesikia zaidi ya mtu mmoja akisema kingamwili inashika ovyo. Haishiki ovyo. Vile ni vipande vya spektrini iliyokatwa, na swali ni nani kaikata. Huenda ni kimelea. Huenda pia ni chembe nyeupe: usipoliondoa lile tabaka jeupe juu ya chembe nyekundu kabla ya kuzipasua, vimeng'enya vyake vitaitafuna spektrini mbele ya macho yako. PMSF, dawa ya kuzuia vimeng'enya hivyo, husaidia, ila ndani ya maji haidumu, itie dakika ya mwisho. Na damu inayotoka zahanati za mbali, imezunguka kwenye pikipiki na kiboksi chenye barafu iliyokwisha, hiyo nayo ina vipande vyake hata mwenye damu awe hana malaria. Ndiyo maana siku hizi kila jeli yetu ina sampuli ya mtu asiye na vimelea, iliyosafiri boksi moja na zile nyingine. Bila hiyo siandiki kwamba kimelea ndiye kakata.

Joto lina hila nyingine. Maganda ya chembe, yaani utando unaobaki chembe zikipasuliwa, yakioshwa kwenye bafa yenye chumvi kidogo mno na yakapata joto la nyuzi 37, spektrini huachia na kuondoka na maji unayomwaga. Mstari ukififia, pima kwanza yale maji ya kuoshea kabla ya kumwandikia muuzaji barua ya hasira.

Kwenye hadubini ilinishinda. Spektrini iko upande wa ndani, kwa hiyo lazima utoboe utando kwa Triton, sabuni nyingine ya maabara, hilo tulifanya. Tatizo ni kwamba baada ya kukaza chembe kwa glutaraldehidi haikuwaka chochote, na nadhani hii inaitambua spektrini iliyokunjuka tu. Poliklonali ya sungura, inayoshika sehemu nyingi za protini, ilifanya kazi kwenye slaidi zilezile.

Kingamwili ya pili, ile inayoishika ya kwanza ili mstari uonekane, haimo kwenye bei. Agiza ya kushika IgG ya panya yenye HRP, kimeng'enya kinachoufanya mstari uwake. Na walioko Tanga na Muheza wanaotaka kuijaribu, tuunganishe oda. Usafirishaji wa chupa tatu hauzidi sana wa chupa moja, na mimi sina shida ya kuufuata mzigo Dar.