Shopify: inapobeba na inapobana

Ukifungua akaunti ya Shopify, jukwaa la kuendeshea maduka ya mtandaoni, asubuhi, jioni unaweza kuwa na duka linalopokea oda. Hilo si porojo, jukwaa lina wepesi huo kweli. Ila maamuzi yatakayokugharimu baadaye, yaani mpangilio wa bidhaa, ada za usafirishaji na njia ya kupokea pesa, nayo hufanyika siku hiyohiyo ya kwanza, wakati muuzaji bado anahangaika na rangi ya vitufe. Kwa hiyo tathmini hii inapita haraka kwenye sura ya duka na kukaa zaidi kwenye yale yasiyoonekana.

Shopify ni duka la kukodi. Seva, cheti cha usalama, ukurasa wa malipo na masasisho yote ni kazi yao. Wewe unalipa kila mwezi na kupanga bidhaa. Hapo ndipo inapotofautiana na WooCommerce, ambayo ni programu-jalizi ya WordPress (mfumo wa kujengea tovuti) unayoiwekea seva mwenyewe na kuitunza mwenyewe. Shopify ilizinduliwa Kanada mwaka 2006 na watu waliokuwa wakiuza mbao za kutelezea kwenye theluji, wakakosa programu ya kuendeshea duka lao, wakaiandika wenyewe. Asili hiyo bado inaonekana. Bidhaa ya kushikika, yenye saizi na rangi, inayofungwa kwenye boksi na kutumwa, inakaa humu kama mkono ndani ya glavu. Ukija na vitu vya kukodisha, miadi au samani za kuagizwa kwa vipimo vya mteja, utaanza kuongeza programu za ziada tangu siku ya kwanza.

Tuanze na bidhaa. Kila bidhaa inaruhusu machaguo matatu tu, mfano saizi, rangi na kitambaa. Kila mchanganyiko wa machaguo hayo una bei yake, uzito wake, SKU yake (namba ya utambulisho ya muuzaji) na stoki yake. Kwa miaka mingi kikomo kilikuwa michanganyiko 100 kwa bidhaa moja. Shati lenye saizi 6, rangi 8 na vitambaa 3 ni michanganyiko 144, kwa hiyo lilikuwa halipiti. Sasa kikomo kimepanda hadi zaidi ya 2,000, na hilo limewaondolea wengi kero. Lakini machaguo yenyewe yamebaki matatu. Tena baadhi ya themu (violezo vya sura ya duka) na programu za zamani ziliandikwa zikitegemea kile kikomo cha 100, hivyo jaribu bidhaa yako kubwa kuliko zote kabla hujaamini.

Ukihitaji chaguo la nne, njia ni mbili. Ya kwanza ni sehemu ya kujaza kwenye ukurasa wa bidhaa: mteja anaandika jina la kuchongwa, maandishi yanasafiri na oda. Ni rahisi, ila sehemu hiyo haibadilishi bei wala haipunguzi stoki. Ya pili ni kuigawa bidhaa: kila rangi inakuwa bidhaa inayojitegemea, kisha unaziunganisha kwa viungo vya picha ndogo. Kazi ni kubwa mwanzoni, lakini kila rangi inapata picha zake na ukurasa wake kwenye injini za utafutaji. Kwa nguo na viatu, njia hii ya pili ndiyo bora.

Kupakia bidhaa nyingi kwa mkupuo kunafanyika kwa faili la CSV, yaani jedwali lililohifadhiwa kama maandishi, lisilozidi MB 15. Mistari yote yenye jina moja kwenye safu ya utambulisho wa bidhaa inahesabiwa kuwa bidhaa moja, na picha lazima ziwe na anwani ya wazi kwenye intaneti. Picha iliyo kwenye kompyuta yako haipandi kwa njia hii. Makosa yanayojirudia ni haya. Excel hufuta sifuri za mwanzo kwenye namba za msimbopau (barcode) za bidhaa na kugeuza namba ndefu kuwa kitu kama 6.00E+12, kwa hiyo usilifungue faili moja kwa moja, liingize kwenye Excel huku safu hiyo ukiiweka kuwa maandishi. Ukichagua kufuta taarifa za zamani kwa mpya, seli iliyoachwa tupu inafuta kilichokuwepo, wakati safu iliyoondolewa kabisa inaacha mambo yalivyo. Basi ukitaka kubadilisha bei tu, ondoa safu zote zisizo za lazima, usiziache tupu. Kosa zito zaidi ni kubadilisha thamani za machaguo, mathalani “Nyekundu” kuwa “Nyekundu iliyoiva”. Mfumo unaweza kufuta mchanganyiko wa zamani na kuunda mpya wenye namba nyingine ya ndani. Kwa macho hakuna kilichobadilika, ila programu ya stoki au ya uhasibu iliyokuwa ikifuata namba ile inapotea njia.

Stoki inahesabiwa kwa kila ghala au tawi. Elewa hapa jambo moja: mteja kuweka kitu kikapuni hakukizuii. Watu watano wanaweza kuwa na kipande kilekile cha mwisho kwenye vikapu vyao, na anayetangulia kulipa ndiye anayekipata. Kuna pia kisanduku cha kuruhusu mauzo yaendelee stoki ikiisha, nacho kinawekwa kwa kila mchanganyiko. Kikisahaulika kimewashwa, utauza usichokuwa nacho.

Sura ya duka haihitaji maneno mengi. Tangu 2021 karibu kila ukurasa unajengwa kwa sehemu unazopanga kwa kuburuta, hadi sehemu 25 kwa kiolezo kimoja, na Dawn, themu ya bure, ni nyepesi na inatosha maduka mengi. Kabla ya kugusa msimbo, rudufu themu na ufanyie kazi ile nakala. Picha zipakie kwa pikseli 2048 kwa 2048. Mfumo wenyewe unazipunguza kulingana na simu ya mteja. Duka likiwa zito, mara nyingi lawama si ya themu. Ni ya programu za nyongeza, kila moja ikipakia msimbo wake kwenye kila ukurasa. Nyingine, hasa za mtindo wa zamani, zinaacha mabaki ndani ya themu hata baada ya kuondolewa. Tafuta jina la programu ndani ya mafaili ya themu na ufute mistari yake mmoja mmoja.

Soko la programu hizo ndilo nguvu ya Shopify na ndilo mwanya wa pesa zako. Hata maoni ya wateja kuhusu bidhaa yanahitaji programu ya mtu mwingine. Nyingi zina bili ya mwezi, na mara nyingi zinaanza na siku za majaribio ambazo hakuna anayezikumbuka zinapokwisha. Unapolinganisha jukwaa hili na jingine, usilinganishe bei ya kifurushi peke yake. Orodhesha programu utakazohitaji, jumlisha bili zake, kisha ndipo ulinganishe.

Anwani za kurasa zina mpangilio usiobadilika: bidhaa zinakaa chini ya /products/, makundi chini ya /collections/, kurasa za kawaida chini ya /pages/. Anayehamia kutoka mfumo mwingine lazima aelekeze upya kila anwani ya zamani, la sivyo viungo vilivyojengwa kwa miaka vinaishia kwenye ukurasa wa kosa. Kuelekeza upya kunafanya kazi pale tu anwani ya zamani haifunguki tena. Kama ukurasa bado uko hai, amri yako inapuuzwa. Na kabla ya kulalamika kuwa Google haikuoni, hakikisha umeondoa nywila ya duka zima. Ni kosa la kuchekesha, ila ni la kawaida.

Kuunganisha domeni, yaani jina la tovuti yako, kunahitaji rekodi mbili za DNS, ambazo ni maelekezo ya seva ambako jina hilo linaelekea: rekodi ya A ielekee 23.227.38.65, na CNAME ya www ielekee shops.myshopify.com. Cheti cha usalama kinaweza kuchukua hadi saa 48. Kikigoma, kwanza angalia kama kuna rekodi ya A ya pili au ya AAAA iliyobaki kutoka kwa seva ya zamani. Badilisha rekodi hizo tu. Ukihamisha usimamizi mzima wa domeni bila kunakili rekodi za MX, zinazoelekeza barua pepe, mawasiliano ya barua pepe za kampuni zinakatika siku hiyohiyo.

Sasa malipo, na hapa ndipo pa kutuliza kichwa. Shopify ina huduma yake ya kupokea kadi, lakini inapatikana katika baadhi ya nchi tu. Ukiwa nje ya hizo, unaunganisha lango la malipo la kampuni nyingine, na Shopify inakutoza asilimia juu ya makato ya lango hilo. Kwenye kifurushi cha Basic ni 2%, na inapungua kadiri kifurushi kinavyopanda. Piga hesabu: lango likikata 3% na Shopify 2%, ni 5% ya mauzo. Kama faida yako ni 20% ya bei ya kuuzia, robo ya faida imeondoka kabla hujalipia tangazo. Malipo ya mkono, yaani pesa taslimu wakati wa kupokea mzigo au kuhamisha benki, hayatozwi asilimia hiyo. Oda hizo zinabaki zikingoja mpaka wewe mwenyewe uthibitishe kuwa pesa zimeingia. Na ukirudisha pesa za oda iliyolipwa kwa kadi kupitia huduma yao, makato ya kadi hayarudi.

Ukurasa wa malipo wenyewe ndicho kitu bora kuliko vyote humu. Ni wa haraka, ni wa ukurasa mmoja, haulegei wateja wakifurika. Lakini si wako. Kwenye vifurushi vya kawaida unabadilisha nembo, rangi na mwandiko. Kuingiza vitu vyako kwenye hatua za taarifa, usafirishaji na malipo ni ruhusa ya kifurushi cha Plus, ambacho ni cha kampuni kubwa. Anayehitaji swali la lazima kabla ya kulipa, mfano siku ya kupelekewa mzigo, aliweke kwenye ukurasa wa kikapu.

Usafirishaji ndio unaoharibu mauzo kimyakimya. Ada zinapangwa kwa kanda za nchi, kwa uzito au kwa thamani ya oda, na bidhaa zinagawanywa katika wasifu wa usafirishaji, yaani makundi ya bidhaa, kila moja na ada zake. Wengi hawajui kuwa kikapu chenye bidhaa za wasifu tofauti kinajumlishiwa ada zote. Fulana kwenye wasifu wa ada 5 na vyombo vya udongo kwenye wasifu wa ada 8 vinampa mteja ada ya 13, hata kama vyote vinaingia boksi moja. Basi fungua wasifu mpya pale tu mzigo unapotoka ghala jingine au unapohitaji gari tofauti. Tatizo la pili ni mapengo ya uzito. Ukiandika kilo 0 hadi 1, kisha kilo 1.1 hadi 5, kikapu cha kilo 1.05 hakina ada yoyote, na mteja anaambiwa haiwezekani kumtumia. Anza kila daraja palepale lililotangulia linapoishia. La tatu ni bidhaa iliyosahaulika na uzito wa sifuri: inasafiri kwa ada ya chini kabisa, na tofauti unailipa wewe.

Mapunguzo yana mtego wake. Mteja anaweza kutumia hadi misimbo mitano ya bidhaa au oda pamoja na mmoja wa usafirishaji, ila tu kama kila punguzo limeruhusiwa kuungana na mengine. Lazima pande zote mbili ziruhusu. Usipoweka ruhusa hizo, msimbo wa usafiri wa bure unakataa kukaa na punguzo la 10%, na malalamiko yanakuja kwako.

Kabla ya kufungua milango, tumia lango la majaribio lililomo ndani ya mfumo. Liwashe kwenye mipangilio ya malipo, nunua kama mteja, na kwenye namba ya kadi andika 1 kupata malipo yaliyokubaliwa, 2 kupata yaliyokataliwa, 3 kupata hitilafu ya lango. Tarehe ya mwisho iwe yoyote ya mbele, na namba ya siri iwe tarakimu tatu zozote. Jaribu angalau vikapu vinne: kitu chepesi kimoja, vitu vizito vingi, mchanganyiko wa bidhaa za wasifu tofauti, na anwani ya nchi usiyoihudumia. Kisha rudisha pesa za oda moja na uangalie kama stoki imerudi. Kuna kisanduku cha kuirudisha, na kisipowekwa alama hesabu ya ghala inaanza kudanganya. Ukimaliza, zima lango hilo, maana likibaki limewashwa mteja wa kweli hataweza kulipa kwa kadi.

Jambo moja linashangaza kwa jukwaa la ukubwa huu: hakuna kitufe cha kurudisha duka lilivyokuwa jana. Bidhaa iliyofutwa imefutwa. Pakua CSV ya bidhaa kabla ya kila badiliko la mkupuo, na uiweke nje ya duka.

Kuondoka nako kuna gharama yake. Bidhaa, wateja na oda vinatoka kwa CSV, lakini nywila za wateja hazitoki, hivyo kila mmoja atatengeneza mpya huko uendako. Kurasa na makala za blogu hazina kitufe cha kupakulia. Themu imeandikwa kwa Liquid, lugha ya violezo ya Shopify, kwa hiyo nje ya Shopify ni karatasi tu. Na CSV ya bidhaa haina picha, ina viungo vya picha zilizo kwenye seva zao. Pakua picha zote kwanza, zihesabu zilingane na viungo vya picha vilivyo kwenye faili, ndipo ufunge akaunti.