Stockfish kwenye miisho ya askari: kali, lakini alama zake zikague

Kwa uchambuzi wa sataranji, Stockfish ni injini (programu ya kuchambua mchezo) ya bure ambayo ni vigumu kupata iliyo bora kuizidi. Hata hivyo, wakibaki wafalme na askari watupu, kuna sare moja inayoipotosha: ile ya askari waliofungana.

Panga ubao hivi. Mweupe: mfalme e1, askari a4, a5, c4, c5, e4, e5, g4, g5. Mweusi: mfalme e8, askari a6, c6, e6, g6. Mweupe kazidi askari wanne, lakini hakuna askari wa upande wowote anayeweza kusogea wala kula. Mfalme mweupe hawezi kukanyaga b5, d5, f5 wala h5. Mweusi naye kazuiwa b6, d6, f6 na h6. Ni sare tupu, lakini injini huanza kwa kumpa mweupe faida nono.

Kwa nini? Kwa sababu hesabu yake hukomea kwenye kina fulani, yaani idadi ya hatua za mbele inazozitazama (kila hatua ya upande mmoja ni moja), kisha hupima ubao ilioufikia, na kila ubao hapo una askari wanne wa ziada. Kanuni ya hatua 50 (ni sare zikipita hatua 50 za kila upande bila kula wala kusogeza askari) ingeikomboa, ila iko mbali sana na kina cha 25 au 30. Tangu toleo la 12, mwaka 2020, upimaji unatumia mtandao wa nyuroni; umeinua sana kiwango chake, lakini upofu huu haukuisha.

Dalili zake: kina kinapanda, alama (namba ya faida, 0.00 ikiwa ni sare) zimeganda, na mstari mkuu, yaani mfululizo wa hatua inaouona bora, ni mfalme kuzunguka tu. Hapo jiulize askari yupi anaweza kusogea, mfalme aingilie wapi, na kama kumtoa askari kafara kunafungua njia. Hili la kafara ndilo husahaulika zaidi. Kisha, kwenye FEN (mstari wa maandishi unaoeleza ubao), andika 90 katika sehemu ya tano, yaani hesabu ya kanuni ya hatua 50, ambayo huhesabu hatua ya kila upande peke yake, hivyo kikomo chake ni 100. Ubao wetu utashuka haraka hadi 0.00. Usianze na jaribio hili, kwani ushindi unaohitaji safari ndefu ya mfalme nao utasomeka 0.00.

Mfano wa ushindi wa namna hiyo ni nafasi ya Lasker na Reichhelm ya 1901: mweupe Ka1 (K ni mfalme), askari a4, d4, d5, f4, mweusi Ka7, askari a5, d6, f5. Inaonekana imefungwa, kumbe Kb1 inashinda, na ni hiyo peke yake. Kwa nafasi kama hii ongeza Hash (kumbukumbu ambamo injini huhifadhi ubao ilioukwisha kuupima) kutoka MB 16 za awali hadi 1024, maana ubao uleule hufikiwa kwa njia nyingi.

Majedwali ya Syzygy, yenye matokeo yaliyokwisha kukokotolewa ya miisho yenye vipande vichache, hutoa jibu la uhakika: hadi vipande 5 ni karibu GB 1, vya 6 ni takribani GB 150, na vya 7 huulizwa bure kwenye tovuti ya sataranji ya Lichess. Ubao wetu wa kwanza una vipande 14, kwa hiyo hayausaidii.