Mchicha wao nausifu, giligilani yao sitaki kuiona

Nianze na haki yao. Mchicha niliouchukua kwenye hili duka la pembejeo la Kariakoo sijawahi kuupata popote. Masika yalipoanza tu nilichanganya mbegu na mchanga mkavu, maana ni ndogo mno na zinapenda kurundikana, nikazimwaga kwenye viroba vya uani hapa Tabata. Wiki haijaisha, uani kijani. Tumechuma, umechipua tena, majirani wanaomba. Bamia zimefika gotini. Mrehani unanukia hadi barazani.

Sasa giligilani.

Hakuna hata mche mmoja. Na msianze kuniambia Dar ni joto. Najua giligilani inapenda ubaridi wa Lushoto, najua jua la huku linaikimbiza kwenye maua kabla hujala majani. Lakini ili itoe maua si lazima iote kwanza? Kila punje ni mbegu mbili zilizoshikana, kwa hiyo nilizisugua zikagawanyika, nikaziloweka usiku kucha, nikazipanda papo hapo zitakapokulia kwa sababu haipendi kuhamishwa. Kivuli cha mchana kipo. Kawaida ni wiki moja hadi tatu. Nilisubiri mpaka nikachoka, nikafukua: punje zilikuwa zimeoza.

Nikarudi dukani na pakiti yangu, kwa heshima zangu zote. Kijana wa kaunta hakuinua macho kwenye simu.

"Uliweka mbolea gani, dada?"

"Samadi ya mbuzi, iliyooza vizuri."

"Basi imeziunguza."

"Kaka, nimesema iliyooza."

Ndipo akaniangalia. "Sasa dada, kwa elfu mbili unataka nije nikuoteshee?"

Wateja wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshika pakiti mkononi, na kwa hasira nikaanza kukwangua kibandiko cha bei kwa kucha. Chini yake, tarehe ya mwisho wa matumizi. Ya mwaka jana! Lebo ya TOSCI, wale wathibitishaji wa ubora wa mbegu, ipo upande wa pili, haijaguswa. Tuna Sheria ya Mbegu tangu 2003, tuna taasisi nzima ya kudhibiti ubora, halafu kibandiko cha bei kinafunika yote. Nikamwonyesha. Akanyoosha kidole ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi.

Labda hakukibandika yeye. Nakubali, yule ni mwajiriwa tu, na kuna mzee wa pale nyuma ndiye aliyenielekeza habari ya mchanga kwenye mchicha, mtu mstaarabu sana. Siku hiyo hakuwepo. Angekuwepo pengine nisingeandika haya. Lakini pakiti ina nafasi tupu mbele na nyuma, kibandiko kikaenda kukaa juu ya tarehe peke yake? Kilijipeleka?

Kwa hasira nilipita kwa muuza viungo sokoni, nikanunua konzi ya giligilani nzima, haijasagwa, ile ile ya pilau, bei ya kutupa. Nikaisugua, nikailoweka, nikaipanda kwenye kiroba kile kile, samadi ile ile ya mbuzi inayodaiwa kuunguza. Imeota. Si yote, lakini supu ya jana ilikuwa na majani ya uani kwangu.

Nyota ngapi? Nilikuja hapa kutoa moja. Halafu nikakumbuka mama mkwe alivyofuta sahani ya ule mchicha na kuuliza mbegu nimetoa wapi, nikasema tatu. Hapana, mbili. "Nije nikuoteshee" peke yake inakula nyota nzima.

Nataka mbegu za mnavu kabla mvua hazijakatika, na wanazo wao. Nitamtuma mdogo wangu. Nimemwambia abandue kila kibandiko kabla hajatoa hela, na kama mzee hayupo ageuze arudi nyumbani.