Beleshi la alumini la uokoaji kwenye theluji ya majira ya kuchipua

Wengi wanaoanza kupanda milima yenye theluji humaliza hela kwenye kifaa cha redio, kile cha 457 kHz cha kumtafuta aliyefukiwa na poromoko la theluji, halafu beleshi wanaokota lolote lililobaki dukani. Mimi ningeanza na beleshi, hasa kwa majira ya kuchipua. Redio itakufikisha alipo mtu. Kumtoa ni kazi ya beleshi na mgongo wako.

Hili langu ni la alumini, mpini wa vipande viwili unaorefuka, kishikio cha umbo la D kinachopokea glavu nene bila taabu. Kampuni siitaji, maana nina lawama nayo.

Kwanza sifa. Theluji mpya, kavu, huwa na kilo 100 hivi kwa mita moja ya ujazo, mara nyingi hata pungufu. Iliyolowa kwa jua ikaporomoka inaweza kufika kilo 500, na ikishasimama inashikamana papo hapo. Nililijaribu kwenye rundo la poromoko la jana yake, chini ya mteremko unaotazama kusini. Usiku anga ilikuwa wazi, hakuna wingu, theluji ikaganda, kwa hiyo kufika asubuhi rundo lilikuwa gumu kama zege. Beleshi la plastiki la mwenzangu lilipinda, likadunda, likakataa kabisa kuingia. Langu niliweka buti juu ya bapa nikakanyaga, likazama. Ukingo wa juu wa bapa umekunjwa ukawa mpana, ndiyo maana mguu hautelezi. Dukani ukipima kitu, pima hicho, rangi achana nayo.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba bapa linageuka likawa jembe. Aliyewahi kulima hahitaji maelezo. Katika uokoaji huchimbi juu ya kichwa cha mtu, utamkandamiza na kuziba nafasi yake ya hewa. Unaanzia upande wa chini wa mteremko, unaingia kwa ubavu kumfuata. Wa mbele anakata mabonge, wa nyuma anayavuta kwa jembe yashuke. Kwa beleshi la kawaida wa nyuma anainua uzito ule wote, na hafiki mbali kabla hajaomba apokewe.

Bapa lina mgongo ulionyooka, kwa hiyo ukuta wa shimo la kukagua tabaka za theluji unatoka laini. Pia ni zuri kwa kile kipimo cha kugonga, cha kuona kama theluji inaweza kuporomoka: unakata nguzo ya sentimita 30 kwa 30, unalaza bapa juu, unagonga mara 10 kwa kifundo cha mkono, 10 kwa kiwiko, 10 kwa bega, ukiangalia tabaka gani linaachia. Ila kwa theluji iliyolowa usikitegemee sana. Nguzo iliyosimama imara saa mbili asubuhi, saa tano jua limeshaifanya uji. Hapo mguu wangu naupa imani kuliko nguzo: ukianza kuzama kupita kifundo cha mguu, mteremko huo nimeshaachana nao. Na usiku ukiwa na mawingu theluji haigandi vizuri, siku hiyo hata asubuhi sipandi.

Sasa lawama. Kitufe cha kufungia mpini ni kidogo mno, na tundu lake linaingiza maji. Yakiganda usiku, asubuhi kitufe hakibonyei. Lazima ukipashe kwa kiganja kitupu ndipo mpini urefuke. Nikiwa mlangoni pa kibanda hilo ni usumbufu tu. Mtu akiwa chini ya theluji ni habari nyingine: uwezekano wa kumpata hai ni mkubwa dakika 10 za mwanzo, baada ya hapo unashuka kwa kasi. Aliyechora kitufe hiki sijui kama aliwahi kukibonyeza na glavu zilizolowa.

Kwa sasa nalifuta mpini kila jioni, nalala nalo ndani, na asubuhi nabonyeza kitufe kabla sijafunga mkoba. Wa skii za karibu na lifti, ile mitambo ya kupandisha watu mlimani, atalalamikia uzito. Anayekwenda mbali, aprili na mei, alichukue, lakini dukani avae glavu kwanza ndipo ajaribu kuliunganisha.