Paneli za kufyonza sauti jijini Nairobi: ununue kwa nani?

Nyumba nyingi za Nairobi zimejengwa kwa mawe, zikapigwa plasta na kuwekwa vigae sakafuni, hivyo chumba kilichotengwa kwa ajili ya kusikilizia muziki huvuma hata spika zikiwa za bei kubwa. Anayetafuta paneli hukuta bei zinazopishana mno kwa bidhaa zinazofanana machoni, kwa kuwa kinachofanya kazi kimefichwa nyuma ya kitambaa. Kwa sababu hiyo nimewapanga wauzaji kwa kigezo kimoja: je, utajua kwa hakika kilichomo ndani, unene wake, na uzito wake kwa mita ya ujazo? Paneli hizi hupunguza mwangwi chumbani wala hazizuii sauti kumfikia jirani. Muuzaji anayekuahidi hilo mwondoe kwenye orodha mapema.

Nafasi ya kwanza nampa fundi wa makochi, kwa sharti kwamba vifaa unamnunulia wewe. Tafuta mabamba ya sufu ya mawe (rockwool) kwa wauzaji wa vifaa vya kukinga joto, hasa Industrial Area. Ni yale yale yanayozungushiwa mabomba ya mvuke viwandani. Uzito wa kilo 40 hadi 60 kwa mita ya ujazo unafaa, na unene uwe milimita 100 ukiweza. Unene si anasa: wimbi la sauti ya hezi 1000 (mitetemo 1000 kwa sekunde) lina urefu wa sentimita 34 hivi, lakini la hezi 100 hufikia mita 3.4, na bamba la milimita 25 haliligusi. Mafundi wa kando ya Ngong Road wanajua kuunda fremu na kuvuta kitambaa kisifanye mikunjo. Mwambie asigongelee plaiwudi nyuma, bali afunike kwa kitambaa chepesi ili nyuzi zisitoke, kisha paneli itundikwe ikiacha pengo la sentimita 5 hadi 10 ukutani, kwani pengo hilo huisaidia kufyonza sauti za chini zaidi. Huenda akapendekeza ngozi bandia kwa mazoea ya kazi yake, kataa. Bandika kitambaa mdomoni upulize: pumzi ikipita bila shida, kitafaa. Na mnunulie glavu na barakoa, maana sufu hiyo inawasha.

Wa pili ni kampuni zinazohudumia studio na makanisa. Ni ghali, ila iliyo makini itapima chumba kabla ya kutaja bei. Idai ripoti ya maabara iliyofuata kiwango cha ISO 354 au ASTM C423, vinavyoeleza jinsi ya kupima ufyonzaji wa sauti, na usiridhike na alama ya NRC (ya jumla ya ufyonzaji) pekee, kwa sababu hiyo ni wastani wa hezi 250, 500, 1000 na 2000 tu. Paneli yenye 0.90 yaweza kuwa dhaifu kabisa kwenye besi. Uliza alama yake ya hezi 125. Mwenye kukupa jibu kwa maandishi anampita hata fundi, ikiwa huna muda wa kusimamia kazi.

Paneli za felti ya polyester, ambazo huuzwa na wapambaji wa ofisi, nazipa nafasi ya tatu. Ni safi na rangi zake zinavutia, lakini nyingi zina milimita 9 hadi 12 tu: hunyonya sauti za juu na kuiacha besi ikitamba, na muziki huishia kusikika mzito.

Kuagiza kutoka nje kunafuata. Paneli ni nyepesi lakini hujaza nafasi, na mizigo ya namna hiyo kwa ndege hutozwa kwa ujazo wake. Ongeza ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16, na utakuwa umelipia safari kuliko sufu.

Mkiani ni sponji zenye matuta zinazouzwa mtandaoni. Zile za sentimita 2 au 3 hazina tofauti kubwa na felti kwa kazi, na za poliyurethani isiyotiwa kinga ya moto hushika moto upesi na kutoa moshi wenye sumu, ilhali sufu ya mawe haiungui. Trei za mayai, ambazo wengine hubandika ukutani, sikuzipa nafasi yoyote.

Kabla ya kulipia zote, agiza moja tu, uifungue upande wa nyuma na kupima unene kwa rula mbele ya muuzaji.