Uzoefu wangu wa kumpata dada wa kukaa na mtoto kupitia wakala, Dar es Salaam

Nimelipa ada ya wakala shilingi 100,000, na nikiulizwa kama ilistahili nasema ndiyo, kwa masharti. Hela hiyo hainunui dada. Madada wapo, na kila mtu ana shangazi wa Singida au Iringa anayeweza kukutafutia mmoja. Unachonunua ni vitu viwili: mtu kukaguliwa kabla hajaingia ndani kwako, na haki ya kubadilishiwa mambo yakienda kombo. Ofisi isiyokuandikia hivyo viwili kwenye karatasi inakuuzia namba ya simu tu.

Tunakaa Kibamba, pembezoni mwa jiji, kazi yangu iko Posta, katikati ya jiji. Likizo ya uzazi ni siku 84, au 100 kwa aliyejifungua pacha, na ukirudi kazini sheria inakupa muda wa hadi saa mbili kila siku wa kunyonyesha, ndani ya muda wa kazi. Mwajiri wangu hakuleta ubishi. Ila kutoka Posta kwenda kumnyonyesha mtoto Kibamba na kurudi haiwezekani, kwa hiyo saa zile nilizitumia kuwahi kuondoka jioni. Mume wangu anafanya kazi kwa shifti. Mama mkwe alikuja kutoka Moshi, akatushika mkono kwa moyo wote, lakini naye ana ng'ombe na kihamba, shamba la nyumbani, vinavyomsubiri.

Nilianza kwa ndugu, kama wengi wetu. Shangazi akasema kuna binti wa jirani kamaliza darasa la saba, mchapakazi, nimtumie nauli apande basi. Nikakataa, na kwenye ukoo ikaonekana naringa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kabisa kumwajiri aliye chini ya miaka 14, na aliyefika hapo anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumkatisha masomo. Kukaa peke yako kutwa nzima na mtoto mchanga, mtungi wa gesi jikoni na pipa la maji uani, si kazi nyepesi. Mtoto hawezi kumlea mtoto. Nilitaka mtu mzima, miaka 18 kwenda juu, mwenye namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa.

Kisha nikapewa namba ya dalali wa WhatsApp. Huyu hutuma picha za mabinti, na chini ya kila picha maneno: mpole, mcha Mungu, hana simu. Hilo la mwisho lilinisumbua kuliko yote, kwa sababu linatajwa kama sifa. Mtoto akipandwa na homa saa tano asubuhi, asiye na simu ananiambiaje? Na yeye mwenyewe akipata matatizo ndani ya nyumba ya watu asiowajua, anamwambia nani? Dalali alitaka ada na nauli kwanza, ndipo nizungumze na binti. Nilipoomba kuongea na mzazi wake, akaacha kujibu.

Wakala niliyekwenda kwake baadaye ana ofisi upande wa Kinondoni. Jina silitaji, kwa sababu yapo mazuri na yapo yaliyonikera, na nia yangu ni mtu ajue cha kudai popote atakapokwenda. Mazuri kwanza. Kila binti alikuwa na faili lenye nakala ya kitambulisho, barua ya serikali ya mtaa au kijiji anakotoka, na wadhamini wawili wenye namba za simu zinazopatikana. Nilizipiga zote nikiwa nimekaa palepale ofisini, na hawakuona vibaya. Nikaongea pia na mama aliyekuwa mwajiri wa mwisho. Huyo nilimuuliza swali moja lililonipa mengi: "Ungempata tena, ungemchukua?" Kwa binti mmoja kilipita kimya kirefu, kisha akasema, "Ni mzuri kwa usafi." Kwa mwingine mama alicheka akaniambia, "Wanangu bado wanamuulizia." Huyo wa pili alikuwa mmoja wa niliowafanyia usaili.

Kwenye usaili watu wengi huuliza kupika na kufua. Mimi niliuliza mambo ya mtoto. Mtoto wa miezi saba amekabwa na chakula, hapumui, hatoi sauti, unafanya nini? Binti mmoja alisema angempa maji. Mwingine angemtia kidole kooni. Niliyemchukua alisema angemlaza kifudifudi juu ya mkono wake, kichwa kikiwa chini kuliko kiwiliwili, na kumpiga mgongoni kwa kiganja. Ndivyo inavyofundishwa: mapigo matano katikati ya mabega, kisha kumgeuza na kumsukuma kifua mara tano, na kurudia huku msaada ukiitwa. Sehemu ya kifua hakuijua, tulifundishana wote nyumbani kwa kutumia mdoli. Niliuliza pia, mtoto akilia saa nzima na umeshambadilisha na kumlisha, unafanyaje? Nilitaka kusikia kwamba atanipigia simu. Nililisikia.

Halafu nikampigia mama yake, yuko Kondoa. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Nikamweleza mimi ni nani, tunakaa wapi, mshahara kiasi gani, atapumzika siku gani, na nani mwingine analala ndani ya nyumba ile. Aliuliza kama binti yake atakuwa na chumba chenye komeo kwa ndani. Nikamjibu ndiyo, na nikamwelewa kabisa kwa nini ameuliza hilo kabla ya kingine chochote. Wakala asiyekuruhusu kuongea na familia ya binti, ondoka.

Sasa yaliyonikera. La kwanza, kipimo. Wakala aliniambia binti "ameshapimwa kila kitu", na kwenye kila kitu hicho wakaweka na VVU, majibu wakawa tayari kunionyesha. Nilikataa kuyatazama. Kumlazimisha mtu kupima VVU ili apate kazi ni kinyume cha sheria, na hali yake si sababu ya kumnyima ajira, achilia mbali kwamba VVU haiambukizwi kwa kumbeba mtoto wala kumpikia uji. Ninachojali kwa mtoto mchanga ni kifua kikuu. Kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, jasho la usiku na kupungua mwili ni vya kufuatilia, tena kwa kila mtu ndani ya nyumba, baba na mama wakiwemo. Tulikwenda wote kituo cha afya, nikalipia, na majibu yake alipewa yeye mkononi.

La pili, makato. Ofisi ilitaka kukata nusu ya mshahara wake wa kwanza kama "ada ya kuunganishwa". Ada mimi nimeshalipa, na wao wanataka kulipwa tena na mtu aliyekuja mjini na begi moja. Nilisema mshahara wake utaingia kwenye simu yake wote, na kama hilo ni tatizo nirudishiwe fedha yangu. Walikubali, wakaandika. Nina uhakika kuna mabinti wengi waliokatwa kwa sababu mwajiri hakuuliza. Uliza.

La tatu ni fomu yao ya mkataba. Ilikuwa na kifungu kinachosema mwajiri anaweza kumwondoa binti wakati wowote bila notisi. Hakina nguvu kisheria: mwezi wa kwanza notisi ni siku zisizopungua 7, baada ya hapo, kwa anayelipwa kwa mwezi, siku 28, kwa pande zote mbili. Nikakifuta, tukaandika wetu ukurasa mmoja na nusu, Kiswahili chepesi, tukausoma kwa sauti, akasaini, nikasaini, na nakala moja akabaki nayo yeye.

Mshahara niseme wazi, maana ndipo watu huona aibu. Amri ya mishahara ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, wakati huo iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa msaidizi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri, na 120,000 kwa anayekuja asubuhi na kuondoka. Kima cha chini ni sakafu tu. Mimi nalipa 150,000, na chakula, sabuni na taulo za kike ni juu ya nyumba. Wapo walioniambia naharibu soko. Lakini ninampa mtu huyu mwanangu kuanzia alfajiri, na fedha hiyohiyo watu tunaimaliza kwenye mchango mmoja wa harusi bila kunung'unika.

Jambo lililobadilisha maisha ndani ya nyumba ni kifungu kimoja: mtoto kwanza. Tuliandika kwamba mtoto akiwa macho, kazi yake ni mtoto. Vyombo, nguo na kudeki ni wakati amelala, na kisichowezekana kinatusubiri sisi jioni. Kabla ya hapo nilikuwa nimeona kwa jirani: dada anapika, anafua, anateka maji, anawapokea wa shule, na mtoto mchanga amefungwa kwenye kigari mbele ya televisheni. Mtoto akianguka, dada analaumiwa. Kazi za watu wawili alipewa mmoja, na katika hizo ya mtoto ndiyo isiyoacha ushahidi, kwa sababu sakafu chafu mwajiri anaiona akiingia ila mtoto asiyesemeshwa kutwa haoni.

Saa za kazi ni ngumu kwa anayelala ndani, sitasema tofauti. Sheria inasema saa 45 kwa wiki, saa 9 kwa siku, na mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Mimi natoka kabla hakujapambazuka. Tulichofanya ni kupanga na mume wangu: siku za shifti ya usiku yeye anamshika mtoto kuanzia saa nane mchana akishaamka, na nikishaingia mlangoni kazi ya dada ya mtoto imeisha. Usiku mtoto ni wangu. Inapozidi, saa za ziada zinalipwa mara moja na nusu. Jumapili anatoka, anakwenda kanisani na kwa rafiki zake Mbezi, na simuulizi anarudi na nani.

Kabla sijarudi kazini tulikaa pamoja nyumbani. Hiki ni kipindi ambacho usikipunguze hata kama kinakula mshahara wa mtu ambaye "hafanyi kitu". Nilimwonyesha namna ya kumwogesha mtoto, akanionyesha namna ya kumbeba mgongoni akalala. Maziwa niliyoyakamua tuliyaandika saa na tarehe: nje ya friji yasizidi muda wa saa nne (kwa joto la Dar tulijiwekea muda mfupi zaidi), na kwenye friji hadi siku nne. Umeme ukikatika muda mrefu, hana haja ya kuniomba ruhusa ya kumwaga. Ndoo zote za maji zifunikwe, kwa sababu mtoto anayetambaa anaweza kuzama hata kwenye maji ya kina kifupi sana. Namba zangu, za baba, za jirani na za bodaboda tunayemwamini ziko ukutani. Kamera ipo sebuleni tu, na alionyeshwa ilipo siku ya kwanza. Kamera ya kificho siipendi: ukifikia kumwinda mtu anayemlea mwanao, kuna mazungumzo mliyoyakwepa.

Dhamana ya kubadilishiwa niliitumia, kwa hiyo naweza kuisemea. Binti wetu wa kwanza, yule wa Kondoa, alilazimika kurudi nyumbani mama yake alipougua. Aliniambia mapema, tukaagana vizuri, nikamlipa siku zake zote. Wakala alikuwa ameahidi mbadala ndani ya wiki mbili bila ada mpya. Ilichukua muda zaidi, na ilibidi niwe napiga simu mimi. Wa kwanza waliyemleta hakuwa na mdhamini hata mmoja aliyepokea simu, nikamrudisha. Aliyefuata ndiye tuliye naye hadi leo, mama wa mtoto mmoja anayelelewa na bibi yake Lushoto. Kila jioni wanaongea kwa simu, na saa hiyo hatumwiti kwa lolote. Ada mpya hawakudai. Hapo nawapa haki yao.

Kwa ujumla ningerudi kwa wakala huyu, lakini ningekwenda na mkataba wangu mkononi tangu siku ya kwanza badala ya kusubiri fomu yao. Kwa ukaguzi wa nyaraka na wadhamini wako vizuri. Kwa kasi ya mbadala ni wastani. Kwa namna wanavyowatendea mabinti wenyewe wana safari ndefu, na niliwaambia hivyo ana kwa ana. Ukikwama kwenye haki na masharti, CHODAWU ndicho chama cha wafanyakazi kinachohusika na kazi za majumbani, na mweleze dada wako pia kwamba kipo.

Mwezi ujao mkataba wetu unafika mwaka. Likizo ya siku 28 yenye malipo ataichukua mtoto wake akiwa kwenye likizo ya shule, na mama mkwe ameshakubali kuja. Ameomba Jumamosi mchana iwe yake ajifunze cherehani, mume wangu atakuwa na mtoto. Hilo tumeshaliandika kwenye mkataba mpya, pamoja na nyongeza ya mshahara, na michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inaanza mwezi huohuo.